Prado la mzee wa Isamilo na IST yako ya kila Jumamosi

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Isamilo, hapa hapa Mwanza. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye heshima zake, ana Prado jeupe, namba D. Gari zuri, lakini linavyotunzwa linanitia uchungu. Paa limebabuka, taa za mbele zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa, bampa limeshikwa kwa waya, na vumbi halitoki mpaka mvua inyeshe. Cha ajabu, matairi yote manne ni mapya na ya aina moja. Pesa anazo. Mimi nina IST na naiosha kila Jumamosi kwa mkono wangu. Inakuwaje mtu mwenye uwezo aache gari kama lile lichakae? Nauliza kwa sababu juzi kaniambia analiuza, na bei yake imenivutia. Mke wangu anasema gari lisiloguswa nje, ndani ni kaburi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na wabeja kwa kuniandikia. Mimi ni fundi wa bodi na rangi, miaka ishirini na kitu sasa, karakana yangu iko Nyakato. Swali lako nimeshaulizwa mara nyingi, ila kwa kunong'onezwa, mteja akinyooshea kidevu gari la mwenzake lililoegeshwa pembeni. Hajatokea wa kuniuliza hivyo kuhusu gari lake mwenyewe.

Basi nianze na langu. Nina Corolla ya siku nyingi. Boneti yake ni ya kijivu, prima tupu, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, na huu ni mwaka wa tatu. Niliipiga msasa mwenyewe Jumamosi moja, nikapuliza prima, nikasema Jumatatu namalizia. Jumatatu ikaja na Noah ya mteja anayesafiri Jumatano. Rangi ya kumalizia ninayo, kopo liko rafuni hadi leo. Kompresa inanguruma hatua kumi kutoka pale gari linapolala. Vijana wangu wa karakana wanaliita Punda. Watu wanasema mganga hajigangi, wanacheka, wanapita. Lakini mimi nimeitazama sana ile boneti, na naona jibu lako liko pale: gari halizimiki kwa kupauka.

Fikiria mambo mengine ya gari. Mafuta yakiisha linasimama. Pedi za breki zikiisha zinalia mpaka abiria wa nyuma anauliza kuna nini. Bima ikipita siku, trafiki atakukumbusha, na si kwa upole. Tairi likichoka linapasuka. Kila kimoja kina siku yake na kina mtu wa kukubana. Rangi haina. Leo imepauka kidogo kuliko jana, kesho itapauka kidogo kuliko leo, na wewe unaipita kila asubuhi ukiwa na funguo mkononi, akili iko kazini. Anayeshtuka ni shemeji aliyetoka Musoma ambaye hajaliona gari kwa miaka miwili. "Kaka, hili gari limefanywa nini?" Wewe unageuka, unalitazama, na kweli ni kama unaliona kwa mara ya kwanza.

Ubaya ni kwamba gharama haipandi polepole kama kupauka kunavyokwenda. Inaruka. Rangi ya kiwandani, safu zote kwa pamoja, ina unene wa kama mikroni 100 hadi 150. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hiyo koti lote la gari ni kama nywele mbili zilizolaliana. Safu ya juu kabisa, ile ya kung'aa tunayoiita klia, ni mikroni 40 hivi. Hiyo ndiyo inayobeba jua lote. Na jua la Mwanza si la mchezo: tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na mji umekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana linasimama karibu wima juu ya paa. Ndiyo maana paa na boneti hutangulia kufa. Milango ya Prado la mzee, nikibahatisha, bado inang'aa chini ya lile vumbi.

Siku ukipata nafasi, chukua kitambaa chenye maji upitishe mahali palipopauka. Kama rangi inarudi kuwa nzito wakati imelowa, kisha inafifia tena ikikauka, bado una bahati. Ni ngozi ya juu tu iliyochoka, na polishi itairudisha. Lakini ukiona mabaka meupe yenye kingo, kama visiwa vya Ukerewe kwenye ramani, na ukucha unakwama kwenye kingo hizo, klia imeshang'oka. Hapo usimruhusu mtu akuuzie polishi ya aina yoyote. Ni msasa, prima na rangi upya. Kazi ambayo miezi kadhaa nyuma ingemalizwa na nta na mchana mmoja wa kivulini sasa ni ya siku nne karakanani, na mtu aliyekuwa anaahirisha kitu kidogo anajikuta anaahirisha kitu kikubwa. Kikubwa ndicho kinachoahirishika zaidi.

Hiyo ni sababu ya wengi, nami nikiwemo. Ila si ya wote.

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo upepo wake hauli bati kama upepo wa bahari unavyokula magari ya Tanga na Zanzibar. Nilizoea kuwaambia wateja hivyo kwa kujiamini. Kisha akaja mama mmoja mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, na Harrier ambayo mlango wa buti haufungi vizuri. Nje lilikuwa na vumbi la wiki, mikwaruzo ya magunia pande zote mbili. Nikatoa zulia la buti, nikafunua pale tairi la akiba linapokaa. Kidimbwi cha maji meusi, na bati la kando limevimba na kubanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Nikainama kunusa, nikaelewa. Kayabo. Sangara aliyepigwa chumvi na kukaushwa, yule anayesafirishwa mpaka Kongo. Miaka minne mama alikuwa akipakia kayabo kwenye buti, na siku nyingine masanduku ya sangara wabichi, barafu ikiyeyuka taratibu juu ya chumvi iliyobaki. Tulikata bati, tukachomelea jipya. Nilipomwambia gari zuri kama hili halistahili kufanyiwa hivyo, alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto anayeuliza bei ya chumvi. "Mwanangu, hili gari limesomesha watoto watatu. Unataka ling'ae limfurahishe nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina, ingawa zulia la plastiki la kutandika chini ya mzigo lingemwokolea fedha nyingi, na hilo nilimwambia.

Sisi tunaoosha magari tunapenda kudhani kwamba gari kwa kila mtu ni nguo ya kutokea. Kwa wengine ni jembe, na jembe hakuna anayeling'arisha. Hapa Usukumani jambo hili lisingepaswa kutushangaza. Mzee wa Kwimba au Magu mwenye zizi la ng'ombe mia mbili anaweza kuingia mjini na kandambili na shati lililotoka vifungo, akatoa bulungutu na kununua mashine ya kukoboa bila kuomba punguzo. Hujamtambua kwa shati. Utajiri wake uko malishoni, hauko mwilini. Kijana aliyepata gari la kwanza ni tofauti. Gari la kwanza ni kama mtoto wa kwanza, akipiga chafya unamkimbiza hospitali. Nakisia IST yako ni ya kwanza, na Prado la mzee ni la nne au la tano.

Wengine wanalichafua kwa makusudi, usicheke. Nina mteja mwenye Crown, kila nikimaliza kazi ananiambia nisiling'arishe sana. Alinieleza sababu. Wiki moja alilipiga polishi likawa kama kioo, na wiki hiyo hiyo akaletewa kadi tatu za michango ya harusi, zote kaandikiwa za watu wawili. Tangu hapo anaacha tope la mvua likae siku mbili tatu. Anadai hata vibaka wa vioo vya pembeni wanalipita. Hilo la vibaka sina hakika nalo, lakini la kadi namwamini.

Halafu wapo walionunua gari kubwa kuliko mfuko, na hawa nawaonea huruma zaidi. Kulitoa gari bandarini tu kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, kuna VAT ya asilimia 18, na likiwa limepita miaka minane tangu litengenezwe kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Mtu kauza kiwanja Buhongwa, kakopa kwenye chama, gari limefika, watu wamempongeza, na hesabu yake imeishia hapo. Ila vipuri havijui kama gari lilinunuliwa mtumba. Bei ya gari la Mercedes-Benz imeshuka kwa umri, bei ya taa yake haijashuka kwa kiasi hicho. Kwa hiyo taa ikipasuka inafungwa kwa gundi ya karatasi, ile ya kahawia, na mwenye gari anaanza kuegesha upande mzima ukitazama barabara. Ukiona gari zuri limeegeshwa kila siku kwa upande mmoja, zunguka upande wa pili.

Magari ya ofisi, yale ya serikali na mashirika ya umma yenye namba za STK na SU, siyahesabu. Dereva analiendesha, bosi analikalia, mwingine kabisa anasaini karatasi ya matengenezo. Nani alioshe?

Sasa nije kwa watu ambao sisi mafundi ndio tuliowazaa. Ni wengi kuliko unavyodhani. Kuna bwana mmoja Harrier lake lilikwaruzwa na bajaji, mlango wa kushoto. Jeupe, lakini si jeupe la kawaida. Ukifungua boneti ya Toyota, au ukitazama nguzo ya mlango wa dereva, kuna kibati kimeandikwa C/TR, na mbele yake namba ya rangi. Kama ni 040, hiyo ni nyeupe tupu. Kama ni 070, hiyo ni nyeupe ya lulu, na inapigwa mara tatu: nyeupe ya chini, lulu yenyewe, kisha klia. Ukikosea idadi ya mikono ya lulu, rangi inakuwa nyingine. Yule bwana alikwenda karakana fulani, sitaitaja, wakachanganya nyeupe kwa macho wakapuliza. Kivulini mlango ulionekana sawa. Juani ulikuwa kama jino la bandia kwenye kinywa cha meno halisi. Baada ya mwaka akagongwa tena, bampa la nyuma. Nilipomwambia alete, alikataa. "Fundi, heri mkwaruzo wangu kuliko rangi ya mtu."

Nami si msafi. Niliwahi kupuliza gari moja mchana wa Agosti, upepo unavuma, sina chumba cha kupulizia wakati ule, nimezungushia maturubai tu. Vumbi likakaa kwenye klia mbichi, likakauka nayo. Mwenye gari alilitazama, akapitisha kiganja juu ya buti, akasema "sawa", akalipa, hakurudi. Miaka baadaye nililiona pale Igoma kwenye foleni, rangi imekwisha kabisa, na chunusi zangu bado ziko. Sidhani aliwahi kwenda kwa fundi mwingine.

Na mara nyingine mwenye gari hana kosa hata chembe. Kuna magari meupe ya Toyota, miundo kadhaa yenye rangi hizo hizo 040 na 070, ambayo rangi hubanduka kwa vipande vikubwa mpaka bati tupu, kama ganda la yai lililochemshwa. Sababu ni mwanga wa jua kupenya na kulegeza mshiko kati ya bati na safu ya kwanza kabisa ya kiwandani. Kampuni yenyewe ilikubali tatizo hilo, ikaweka utaratibu wa kuwapakia upya wateja wake katika nchi kama Marekani na Australia. Sisi tunaoyapata mtumba hatumo kwenye utaratibu huo, tumo kwenye ubandukaji tu. Kwa hiyo paa la mzee litazame vizuri. Mabaka yenye weupe uliofifia ni klia na jua. Vipande vinavyonyanyuka mpaka chuma kinaonekana ni habari nyingine, na ukipaka juu yake bila kukwangua yote, rangi yako mpya itanyanyuka pamoja na ya zamani.

Kuna sababu moja sipendi kuizungumza kwa kejeli. Gari huchakaa pia kwa sababu mwenyewe amechoka: ugonjwa, msiba, ndoa iliyovunjika. Mama mmoja aliniletea gari la marehemu mumewe, bampa la nyuma limepasuka. Akaomba ndani tusiguse hata kwa kitambaa. Aliendeshwa na mwanawe, na yule kijana alikuwa ameweka mto mgongoni ili miguu ifikie pedeli, kwa sababu kiti hawakutaka kukisogeza kutoka pale alipokiacha baba, mtu mrefu. Nje vumbi, ndani vumbi. Tulitengeneza bampa, tukaacha vumbi lilivyo.

Mpaka hapa nimemzungumzia jirani yako. Sasa nikuguse na wewe kidogo, usikasirike. Ningependa kuiona hiyo IST yako saa moja jioni kwa tochi ya simu. Naijua Jumamosi ya vijana wengi: ndoo moja, sabuni ya unga, kitambaa kilichokuwa fulana, na mkono unazunguka kama wa kusugua sufuria. Vumbi la Mwanza ni jiwe lililosagika. Mji huu umekaa juu ya mawe, na ndani ya mawe yetu mna chembe ngumu kuliko kioo cha dirisha. Kitambaa kikiokota chembe hizo, kila duara unalosugua unalichora kwenye klia. Kitambaa kikidondoka chini na ukakiokota ukaendelea, hapo umeshika msasa. Sabuni ya unga nayo inaondoa nta yote iliyokuwa inalikinga gari na jua. Washa tochi karibu na boneti: ukiona mistari mizuri inayozunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo ni kazi ya Jumamosi zako. Inawezekana kabisa milango ya Prado la mzee, ambayo hakuna aliyeisugua, ina klia nene kuliko yako.

Sisemi uache kuosha. Mwagia maji kwanza bila kugusa, vumbi liondoke lenyewe. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Shampuu ya magari si ghali. Anza juu, malizia chini, kivulini, nta kila baada ya miezi michache. Ukiegesha Kirumba au karibu na Mwaloni, kagua paa kabla ya jua kali: wale korongo wenye vipara wakikudondoshea, kinyesi chao kina asidi, kikipikwa na jua la saa saba kinaacha alama ambayo maji hayatoi. Na usipeleke gari kuoshea ziwani kama wanavyofanya wengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na maji hayo hayo ndiyo yanayorudi kwenye bomba lako.

Haya, Prado. Mke wako mwambie nimemsikia, lakini kwa hesabu yangu nimefungua makaburi yaliyopakwa chokaa mengi kuliko hayo anayoyaogopa yeye. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani, na yaliyotoka kaskazini kwenye theluji, kama Hokkaido, yameendeshwa juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Juu kioo, ukilala chini ni kutu mpaka kwenye maungio ya chesi. Gari linalong'aa siku ya kuuzwa linaweza kuwa limeng'arishwa kwa ajili ya siku hiyo. Prado la jirani yako halijifanyi.

Na wewe mwenyewe umeandika jambo moja kama la kupita tu, ambalo mimi nililisoma mara mbili. Matairi manne mapya, aina moja. Asiyejali gari hanunui matairi manne kwa pamoja. Ananunua moja lililopasuka, tena la mkononi, na gari linatembea na aina tatu za viatu. Mzee wako inaonekana ni wa lile kundi la jembe: kinachotembeza gari anakigharamia, kinachotazamwa anakiacha. Kama nimepatia, injini itakuwa na rekodi nzuri kuliko rangi. Muulize mara ya mwisho alimwaga oili lini na fundi wake ni nani. Mtu wa jembe atakujibu bila kufikiri.

Ila kuna mahali ambapo kuacha nje kunageuka kuwa ugonjwa wa ndani, na hapo ndipo ukague. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vumbi na majani vikiziba, maji yanalala ndani ya mlango na kutu inaanzia usipoiona. Pitisha kidole. Fungua boneti utazame pale chini ya kioo cha mbele: majani yakijaa hapo, maji ya mvua za masika yanatafuta njia ya kuingia kwenye zulia la abiria. Nyanyua zulia, linuse. Tazama rejeta kwa mbele na tochi. Wale vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi, gari likipita katikati yao vinajaa kwenye mapezi ya rejeta, tope linakuja juu yake, na siku ya kupanda mlima mshale wa joto unapanda nawe. Hicho hakioshwi na mvua.

Bampa lililoshikwa kwa waya ndilo linalonisumbua kuliko paa. Paa ni jua. Bampa ni kugonga. Muulize aligonga nini, kisha hakikisha mwenyewe: angalia boliti zinazoshika mabawa ya mbele. Kama rangi kwenye vichwa vyake imevunjika, ziliwahi kufunguliwa. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa uitembeze juu ya mabati. Inaposhika kwa udhaifu, chini kuna puti, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea. Bampa lenyewe ni plastiki, usihangaike nalo. Lala chini uone ncha za mbele za chesi kama zimenyooka.

Taa zisikutishe. Ni plastiki ngumu iliyopoteza ngozi yake: msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 3000, polishi, halafu klia ya kuzuia jua. Asikudanganye mtu na dawa ya meno. Inang'arisha wiki mbili, na bila klia ya mwisho unjano unarudi.

Kwenye bei, omba upunguziwe paa, boneti na bampa. Usiombe upunguziwe vumbi, mzee atakudharau. Nenda kwake asubuhi mapema, kabla hajatoka, tena bila kumwambia saa. Kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya boneti kama mtu anayeegemea tu. Iwe baridi, ili injini uisikie inavyoamka yenyewe. Ukiikuta ya moto na akasema "nimelipasha kidogo tu", kunywa chai yake, ongeeni habari nyingine, urudi kesho.